Tusiseme Gesi ya Kivu "Imeyeyuka"

Mwaka jana, katika semina ya tafsiri, tulipewa ukurasa mmoja wa Kifaransa unaoeleza gesi iliyomo ndani ya Ziwa Kivu, tuuandike kwa Kiswahili. Haukuwa ukurasa mgumu. Ulikuwa na sentensi fupi, mchoro wa ziwa lililokatwa kama mkate, na maneno matatu yaliyorudi kila mara: gaz dissous, bulles, explosion. Karibu sote tuliandika sawasawa: gesi iliyoyeyuka, mapovu, mlipuko. Mimi nilipata kumi na tano juu ya ishirini na nikafurahi.

Leo nasema alama zile hatukuzistahili, na mimi ni wa kwanza. Tafsiri yetu ilikubaliana na kamusi, lakini mtu anayelala hatua mia tatu kutoka ziwani asingepata kitu ndani yake.

Nilitambua hayo likizo ilipofika. Nilikwenda Goma na ile karatasi ndani ya begi, nikamsomea mama mdogo. Yeye huuza sambaza Kituku, amekulia kando ya maji yale, na mwezi wa tano mwaka 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kumwaga lava tarehe 22, alikuwa miongoni mwa watu laki kadhaa waliotoka mjini walipoambiwa watoke. Alisikiliza mpaka mwisho huku mikono ikiendelea kuchambua samaki. Kisha akauliza: "Mwanangu, kama gazi ilishayeyuka, ile mwaka tulikimbiaka nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. (Nyumbani tunasema gazi, tumelitoa katika Kifaransa, vitabu vya Kiswahili husema gesi. Hapa nafuata vitabu, sina ugomvi na yeyote.) Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Kwake, na kwangu pia ninapozungumza bila kujichunga, kitu kilichoyeyuka ni kitu kilichokwisha. Barafu ikiyeyuka haipo tena. Mshahara huyeyuka kabla ya tarehe kumi. Kijana anayemkwepa mwenye deni lake, tunasema ameyeyuka. Kitenzi hiki kimoja kinabeba mambo matatu: kitu kigumu kugeuka maji, kitu kuingia ndani ya maji, na kitu kutoweka. Ya tatu ndiyo inayosikika kwanza. Basi tulikuwa tumemwambia mama yule kwamba chini ya ziwa lake kuna gesi iliyotoweka, tena kwamba aiogope.

Ili kuona uzito wa kosa hilo inatubidi tuvae viatu vya wanafizikia kidogo. Nawaomba radhi wenzangu waliokuja kitivo hiki ili kukimbia hesabu. Nami ni mmoja wao.

Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 485 mahali penye kina zaidi. Katika maji ya chini kumehifadhiwa gesi mbili: kabonidioksidi, ambayo ingetolewa juu na kupimwa hewani ingejaza kiasi cha kilomita 300 za ujazo, na methani, kiasi cha kilomita 60 za ujazo. Gesi hiyo haionekani. Ukichota maji ya kina kile na kuyaacha katika shinikizo lake, yatakuwa maji matupu machoni pako, bila kiputo hata kimoja. Gesi imo ndani, chembe moja moja katikati ya chembe za maji, kama sukari ilivyo ndani ya chai. Kinachoishikilia ni uzito wa maji yaliyo juu yake. Kila mita kumi unazoshuka huongeza shinikizo linalokaribia uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, na kadiri shinikizo linavyokuwa kubwa, maji huweza kubeba gesi nyingi zaidi. Mwingereza William Henry aliieleza kanuni hiyo mwaka 1803. Maji ya chini, tena, yana chumvi na kabonidioksidi nyingi, kwa hiyo ni mazito kuliko ya juu, yanatulia kwa matabaka na hayachanganyiki nayo. Ndiyo maana gesi imekaa huko muda mrefu.

Kila muuza soda pale rond-point anajua jambo hili bila kumsoma Henry. Chupa ya Fanta iliyofungwa haina kiputo. Gonga kizibo kitoke, viputo vinazaliwa mahali ambapo sekunde moja nyuma hapakuwa na kitu. Havikuwa vimejificha chini ya chupa. Havikuwako. Kilichokuwako ni gesi iliyonywewa na maji, na shinikizo lilipopungua, maji yakashindwa kuishika.

Nimesema iliyonywewa. Ndilo neno ninalolipigania. Maji yameinywa gesi. Kitenzi nywa hakimwachi msikilizaji na wazo la kutoweka: aliyekunywa kitu, kitu hicho kimo tumboni mwake, na kinaweza kurudi. Nacho kinakuja na ndugu zake. Maji yaliyobeba gesi yote yanayoweza kuibeba kwa shinikizo lile yameshiba. Yenye nafasi bado hayajashiba. Ukurasa wetu wa Kifaransa ulikuwa na neno saturation, nasi tuliliruka, wengine wakaandika "satirasio" na kupita. Ilhali ndilo neno lenye faraja kwa mtu wa Goma! Vipimo vilivyofanywa Kivu vinaonyesha kwamba hata katika kina kile gesi iko chini ya kiwango ambacho maji yangeweza kubeba, kwa nusu hivi. Ziwa limekunywa sana, ila halijashiba. Mama mdogo anaielewa sentensi hiyo mara moja. "Satirasio" hatalielewa milele, wala hana sababu ya kujisumbua.

Nije kwenye povu, ambapo nadhani sisi wanaisimu tuna la kusema ambalo wanafizikia hawatalisema kwa niaba yetu.

Angalieni kwanza jinsi Kiswahili kinavyoyatazama matone. Tuna mvua, tuna manyunyu au rasharasha, tuna ukungu, tuna umande. Kwa mtu asiyefikiri haya ni majina ya hali ya hewa tu. Lakini mvua, manyunyu na ukungu ni kitu kilekile, maji yaliyogawanyika vipandevipande ndani ya hewa, na kinachovitenganisha ni ukubwa wa tone na, kwa sababu ya ukubwa huo, mwendo wake. Tone la mvua lenye upana wa milimita mbili huanguka kwa zaidi ya mita sita kwa sekunde. Tone la manyunyu lenye robo ya upana huo huenda mita mbili hivi. Tone la ukungu, lenye upana wa sehemu ishirini za milioni ya mita, yaani sehemu mbili za mia za milimita, hushuka kwa kiasi cha sentimita moja kwa sekunde, na upepo mdogo tu unatosha kulipandisha tena. Ndiyo sababu tunasema mvua inanyesha, lakini ukungu umetanda. Vitenzi vyenyewe vinajua. Waliosema hivyo kabla yetu hawakupima kitu kwa mizani. Walitazama kinachoanguka na kinachoelea, wakavipa majina tofauti.

Sasa geuzeni picha. Badala ya maji ndani ya hewa, weka hewa ndani ya maji. Hapo, katika mazungumzo yetu ya kila siku, tunabaki na neno moja: povu. Povu la sabuni, povu la bia, povu mdomoni mwa mgonjwa, povu juu ya maharagwe yanayochemka. Yote haya yana jambo moja linalofanana: povu limekaa juu. Limefika. Ni kundi la viputo vilivyomaliza safari na kushikamana. Hakuna anayesema povu linapanda kutoka mita mia mbili chini ya ziwa, na akisema, msikilizaji ataona picha ya beseni la kufulia. Povu ni neno la kituo cha mwisho, halituambii chochote kuhusu njia.

Na hatari ya ziwa, pamoja na faida yake, iko njiani. Kiputo kikiwa kidogo sana hupanda polepole. George Gabriel Stokes alionyesha mwaka 1851 kwamba kwa vitu vidogo vinavyosafiri ndani ya kimiminika, mwendo unafuata mraba wa upana: upana ukiwa maradufu, mwendo unakuwa mara nne. (Kwa viputo vikubwa hesabu inabadilika, navyo huyumbayumba njiani kama mlevi, lakini wazo linatutosha.) Kiputo kidogo kinachojikokota katika maji yasiyoshiba hunywewa tena kabla hakijafika popote. Kikubwa hupanda, na kadiri kinavyopanda shinikizo linapungua, kinatanuka, kinapata mwendo zaidi. Kiputo kinachotoka mita 350 katika Ziwa Kivu bila kupoteza gesi yake kingefika juu kikiwa na ujazo wa mara arobaini hivi ya ule wa mwanzo. Tena viputo havipandi peke yao. Maji yaliyojaa viputo ni mepesi kuliko maji matupu, hivyo huvutwa juu pamoja navyo. Maji hayo yakifika mahali penye shinikizo dogo, yanaachilia gesi zaidi, viputo vinaongezeka, maji yanakuwa mepesi zaidi. Kitu kinajiendesha chenyewe.

Neno la msafiri huyo tunalo. Ni kiputo, viputo. Limo katika kamusi na katika vitabu vya sayansi vya Afrika Mashariki. Mwenzangu mmoja aliniambia hawezi kuliandika kwa sababu Goma hakuna anayelisema. Ni kweli kwamba ni nadra kulisikia. Wengi wetu, tukibanwa, tunasema bule. Lakini kwenye ngeli ya ki-vi kiputo kinahesabika: kimoja, viwili, vingi. Povu unaliita mapovu ukitaka, ila hulihesabu. Mtu anayetaka kueleza jinsi kimoja kinavyozaa vingi anahitaji nomino inayohesabika, na kama kiputo hakipendwi, basi tusikilize wavuvi wanasema nini. Likizo ileile, mvuvi mmoja alinionyesha kwa kidole mahali karibu na ufuko ambapo gesi hutoka chini, akaniambia kwamba pale maji "inachemka bila moto". Sijakutana na maelezo mafupi zaidi, na hakuna kamusi niliyoyaona ndani yake.

Ule mwendo wa kujiendesha, ndio uliotokea Kameruni. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitoa kabonidioksidi yake kwa saa chache. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu. Ilimwagika kutoka ziwani, ikashuka mabondeni, ikaua watu zaidi ya 1,700 na maelfu ya ng'ombe, wengine wakiwa umbali wa kilomita ishirini na kitu. Wengi walikuwa wamelala. Miaka miwili kabla yake, Agosti 1984, Ziwa Monoun la nchi hiyohiyo liliua watu 37 kwa namna hiyo.

Hapo ndipo neno letu la tatu, mlipuko, linapofanya madhara. Mlipuko kwetu ni bomu, ni bohari la silaha, ni lori la mafuta lililopinduka. Ni moto na kishindo. Katika siku zile za Mei 2021 maneno yaliyozunguka mjini, kwa jinsi ndugu zangu wanavyoyasimulia, yalikuwa haya: ziwa litalipuka. Watu wakatazama ziwa wakingoja moto. Sikatai kwamba methani huwaka. Lakini kilichoua Nyos hakikuwaka, bali kilizima taa za mafuta. Mtu anayengoja kishindo hatajua kwamba hatari inaweza kufika kimya, miguuni, wakati taa ya chini inafifia na ile ya juu ya kabati bado inawaka.

Kiswahili kina foka. Maziwa yakipata moto mwingi hufoka, yanapanda na kumwagika nje ya sufuria kabla hujageuka. Kina tibuka: maji yaliyotulia yakitibuliwa, kilichokuwa chini kinakuja juu. Ziwa Nyos lilitibuka, likafoka. Maneno mawili haya yanasema kazi yote: tabaka la chini lilisogezwa, viputo vikazaliwa, vikavuta maji, ziwa likatoka ndani yake lenyewe. Katika semina nilipendekeza pia kucheua, darasa likacheka, mwalimu naye akacheka. Nalitoa mezani, ingawa bado nadhani ng'ombe anatufundisha kitu.

Na ukisema kufoka unaweza kueleza pia dawa yake, jambo ambalo mlipuko hauruhusu, maana nani anatibu bomu? Mwaka 2001 Nyos iliwekewa bomba la kudumu linalofika karibu na sakafu ya ziwa. Pampu ilifanya kazi mwanzoni tu, kuyapandisha maji ya chini mpaka viputo vianze kuzaliwa. Baada ya hapo ikazimwa. Viputo vyenyewe viliendelea kuvuta maji, na mtungo wake ukaruka juu ya ziwa kiasi cha mita hamsini. Yaani ziwa lilifundishwa kufoka kidogokidogo ndani ya bomba. Kwenye Kivu, upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unatumia njia hiyohiyo kutoa methani na kuzalisha megawati 26 za umeme: maji ya chini hupandishwa kwa mabomba, gesi hujitenga yenyewe, kisha huoshwa kwa maji, kwa kuwa maji hunywa kabonidioksidi upesi na methani huiachia. Nywa, tena. Naona kitenzi hicho kinatufuata kila mahali. Maji yaliyopunguziwa gesi hurudishwa ndani ya ziwa kwa uangalifu ili matabaka yasivurugike.

Kuna watakaosema kwamba natafuta maneno ya kutisha watu. Ni kinyume. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani, na gesi ya chini haikutikisika, kwa sababu lava haikufika ilipo. Mtu mwenye picha ya bomu hawezi kuelewa kwa nini moto ulioingia haukulipua kitu. Mwenye picha ya maji mazito yaliyotulia chini, ambayo hayajashiba, anaelewa. Lakini huyohuyo ataelewa pia kwa nini ghuba ya Kabuno, kule kaskazini-magharibi, inawashughulisha wataalamu kwa namna yake: huko maji yenye kabonidioksidi nyingi yanaanza kiasi cha mita kumi na mbili tu chini ya uso. Umbali wa kutibuka ni mfupi.

Pingamizi nyingine nimeisikia hapa kitivoni, kutoka kwa watu ninaowaheshimu: sayansi inafundishwa kwa Kifaransa, inaandikwa kwa Kiingereza, kwa nini tujichoshe? Nawajibu kwa neno moja, mazuku. Hivyo ndivyo watu wa kwetu wanavyoita mashimo na mabonde kandokando ya volkano zetu ambapo kabonidioksidi hutoka ardhini na kutuama, hasa usiku na alfajiri hewa isipotembea, ikiua mbuzi, mbwa, na watoto kabla ya watu wazima kwa kuwa wao ni wafupi. Wanavolkano wa dunia walipofika hawakuwa na neno la kitu hicho. Walichukua letu. Leo mazuku linaandikwa katika makala za Kifaransa na za Kiingereza bila kutafsiriwa, na kwa kawaida wanalieleza kuwa ni "upepo mbaya". Hapo mimi nakwaruzwa kidogo. Ndani ya neno lenyewe sioni upepo. Naona kiambishi ma-, na shina ambalo nalisikia kuwa jirani wa zuka na mzuka, kitu kinachotokea ghafla na kumshika mtu. Mwenye ushahidi mwingine aulete, gazeti hili lina kurasa.

Ile ma- ndiyo inayonivutia zaidi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua kwamba katika lugha za Kibantu ngeli ya sita inakusanya vimiminika: maji, mafuta, maziwa, machozi, mate. Mazuku limeingia humo. Sidai kwamba aliyelisema mara ya kwanza alikuwa anafikiria ngeli. Nasema tu kwamba gesi hii, tofauti na moshi na mvuke unaopaa, inateremka mtelemko, inajaza shimo, ina uso wake wa juu, na unaweza kuzama ndani yake hadi magotini ukabaki hai, au hadi puani usibaki. Inafanya kama maji. Lugha imeiweka pamoja na maji. Wageni wakaiita upepo.

Kwa hiyo uwezo upo, na ulishatumika bila kamati yoyote. Kilichopungua ni sisi. Tunaandika kazi za kumaliza masomo juu ya viambishi vya majina ya vijiji, nami sidharau, yangu inafanana na hizo. Lakini sijaona hata moja iliyokwenda Kituku, au Kalehe, au Idjwi, kuwauliza wavuvi wa usiku wanaitaje maji yanapobadilika rangi, gesi inapotoka, samaki wanapopanda wote mara moja. Msamiati huo unakufa pamoja na watu wake, na siku ya hatari tangazo litaandikwa kwa Kifaransa asubuhi, litafsiriwe haraka saa nne na mtu aliyepata kumi na tano juu ya ishirini, lisomwe redioni saa sita. Namjua mtu huyo. Ndiye mimi, au ndiye wewe unayesoma.

Ombi langu kwa walimu wetu ni dogo. Ukurasa ule wa semina urudi mwaka huu, darasa lipelekwe nao kwa wasikilizaji wasiojua Kifaransa, na alama zitolewe kwa kile msikilizaji alichoweza kusimulia tena, si kwa kile tulichoandika.

Mimi nimeshaujaribu. Mwezi wa nane nilirudi kwa mama mdogo na maandishi mapya. Maji ya chini yamekunywa gesi, hayajashiba. Yakitibuliwa sana, viputo vitazaliwa, vitavuta maji, ziwa litafoka. Itakayotoka ni nzito, itafanya kama mazuku, itatafuta mahali pa chini. Safari hii aliacha samaki. Alinyamaza, akahesabu kitu vidoleni, akaniambia: "Basi na ile siku, bote tulienda Sake. Sake si iko chini, pembeni ya maji?"